Mstari Uliokua Pamoja Nami

Kwa yule ambaye gazeti lake la Jumapili iliyopita lilifungiwa karanga kabla hajasoma mwanzo wa kisa hiki, nitaurudia kwa kifupi, maana hasira ninazo nyingi na nafasi niliyopewa ni finyu.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba. Bwenini naitwa Kengele, kwa sababu niliinyamazisha kengele ya shule siku tatu mfululizo kwa kuivalisha soksi ya matroni. Katika msako wa soksi ya pili walifungua sanduku langu. Soksi hawakuiona. Waliona barua saba kutoka kwa Spoki.

Nikarudishwa nyumbani kwa wiki mbili pamoja na bahasha ya kaki iliyoandikwa "Kwa Mzazi". Baba akasoma barua ya kwanza, mistari minne tu, akaikunja. Akachomoa penseli sikioni, akanielekezea mlango wa jikoni.

"Mlangoni. Vua viatu."

Hapo ndipo tulipoachana Jumapili iliyopita, wasomaji wangu.

Sasa nianze na mlango wenyewe. Baba yangu ni seremala. Nyumba nyingine sheria zake husemwa na bibi, au hubandikwa ukutani. Ya kwetu imechongwa kwa patasi kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, ule mti wa kushoto unaposimama kuingia.

Nilipokuwa na miaka sita nilimuuliza baba mbele ya wageni nitaruhusiwa lini kuwa na mchumba. Wageni walicheka mpaka chai ikawapalia. Baba hakucheka. Seremala ukimuuliza "lini" hukujibu "mpaka wapi". Alileta patasi akachonga mstari juu kabisa, huko ambako mimi niliona ni jirani na mbingu.

"Ukifika hapa," akasema, "mlete umpendaye. Apite mlango wa mbele, mchana kweupe, nami nitamkaribisha kwa mkono wangu."

Miaka kumi na moja nimekula maharage kwa ajili ya mstari ule.

Basi nikasimama mlangoni, visigino ukutani, pumzi juu. Baba akalaza penseli utosini pangu, akatazama, akapima kwa vidole.

"Vinne," akasema. "Bado vidole vinne."

"Likizo iliyopita vilikuwa vitatu!"

"Basi chakula cha bweni hakikufai."

"Baba, nina miaka kumi na saba."

"Mwimo hauulizi miaka."

"Spoki anakuja Jumamosi."

"Spoki ni jina la mtu au la baiskeli?"

"La mtu. Anasoma, na jioni anatengeneza baiskeli kwa mjomba wake."

"Akija mwambie vidole vinne." Akarudisha penseli sikioni, akaenda zake karakanani.

Msicheke. Barua ya saba ilikuwa imesema hivi: "Jumamosi ya kwanza ukiwa nyumbani, saa nne asubuhi, nitabisha hodi mlango wa mbele. Dada yangu alipendwa kupitia uani, akaachwa kupitia uani, na tukakosa hata mtu wa kumuuliza. Mimi sitaki kuwa mtu wa uani. Baba yako akikataa, sitakuandikia tena, maana hata hizi barua za kufichwa zimenichosha."

Niliposoma nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa mkono uleule.

Ilikuwa Jumatano, na habari ya kurudishwa kwangu ilikuwa imeshamfikia. Siku tatu, vidole vinne.

Jumatano hiyohiyo nilijining'iniza kwenye boriti ya karakana kama nguo iliyoanikwa, mdogo wangu akinivuta miguu. Mdogo wangu ana miaka kumi na minne na anaitwa Twiga, na ukimwona huulizi kwa nini. Hucheza drafti peke yake kwa vifuniko vya soda, na hushindwa.

"Vuta!"

"Navuta. Utakatika."

"Bora nikatike nikiwa mrefu."

Alhamisi asubuhi nilizifunga nywele juu kama mnara. Mama, ambaye ni mwokaji mikate na hana muda na upuuzi, alinipita na sinia akasema bila kugeuka, "Nywele ni pambo, mwanangu, si mfupa."

Alhamisi mchana nikaweka kipande cha mbao chini ya zulia dogo la mlangoni. Baba aliingia, akakanyaga mara mbili, akainamisha sikio kama daktari anayesikiliza kifua.

"Plaiwudi ya milimita tisa," akasema. "Rafu ya pili, upande wa dirisha. Irudishe."

Nikairudisha. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliirudisha rafu ya tatu.

Nilipokuwa huko karakanani, lori la mbao lilifika. Dereva wake ni mtu mzima, mwenye saa kubwa ya mkononi na honi anayoipiga kama wimbo: mara tatu fupi, moja ndefu. Twiga alikuwa mlangoni akifagia maranda.

"Mrembo mrefu!" dereva akaita toka dirishani. "Wewe sasa si mtoto tena, au vipi?"

Twiga akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka. Baba akaacha kupiga randa. Akasimama tu na ile randa mkononi. Kisha akamwambia Twiga aende ndani, akaanza kupokea mbao, na sikumsikia akisema lingine.

Mimi nilikuwa na vidole vyangu vinne vya kufikiria.

Ijumaa mchana ndipo dunia ilipopinduka, na ilipinduka kwa sababu ya mkate.

Twiga alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kaegemea mwimo, anakula kipande cha mkate kwa utaratibu wa ng'ombe. Nami nilikuwa mezani nikiutazama ule mstari kwa chuki. Mstari ulikuwa juu ya kichwa chake. Kidole kimoja juu.

Nikaacha kutafuna.

Siku niliyoondoka kwenda shule baada ya likizo iliyopita, Twiga alisimama palepale, na mstari ulikuwa sawasawa na utosi wake. Nakumbuka kwa sababu nilimtania. Nilimwambia, "Hongera, umeruhusiwa kabla yangu, chagua bwana." Naye akajibu, "Mimi nachagua betri za redio."

"Twiga," nikasema. "Umepungua?"

"Nani, mimi?"

"Simama wima."

"Nimesimama. Gauni lenyewe limenifika magotini, nipungue vipi?"

Mtoto wa miaka kumi na minne hapungui, labda awe sabuni. Na mimi sikupungua kwa chakula cha bweni. Kama watu hawakushuka, basi kuna kitu kilichopanda.

Nikaenda karakanani mbio. Baba alikuwa ametoka kupeleka kabati la mteja. Nikachukua msasa, ule mkali, nikarudi nikaanza kuusugua mwimo.

"Baba atakuua," Twiga akasema.

"Atapima kwanza."

Rangi ikatoka. Chini ya rangi, vidole viwili chini ya mstari, ukaonekana mfereji mwembamba uliozibwa kwa vumbi la msumeno na gundi. Umezibwa vizuri sana, kazi ya fundi. Ulikuwa mstari wa zamani.

Nikashuka na msasa. Hapo palipokuwa usawa wa utosi wangu, mfereji mwingine. Umezibwa.

Nikazidi kushuka huku mikono ikiniuma. Usawa wa macho yangu, wa tatu. Huo ndio uliokuwa wa kwanza, ule wa miaka sita, ule uliokuwa jirani na mbingu. Nilikuwa nimeupita nikiwa na miaka kumi na minne.

Mistari minne, kama ngazi. Kila nilipokua, mstari wa baba ulikuwa ukikua pamoja nami.

Mama alitukuta hapo, vumbi mpaka kwenye kope. Kwanza alitaka kufoka. Kisha akaona ile mistari, akaanza kucheka. Kisha akaacha kucheka. Akavua viatu, akasimama kwenye mwimo, akajipima kwa kiganja.

Mama yangu hafiki hata mstari wa kwanza.

"Kumbe," akasema taratibu, "mimi nimezaa watoto wawili bila ruhusa."

Baba akaingia kwa ajili ya chakula cha mchana. Akauona mwimo. Akaweka chini sanduku la vifaa.

"Nani amekwaruza mlango wangu?"

"Nani ameuhamisha mstari wako?" nikauliza.

Baba akafuta vumbi la mwimo kwa kidole.

"Shikamoo kwanza," baba akasema.

"Shikamoo, baba. Nani ameuhamisha mstari wako?"

"Marahaba. Mlango nimeutengeneza mimi."

"Na neno ulilitengeneza wewe vilevile!"

"Punguza sauti."

"Nimeshapunguzwa vya kutosha! Miaka mitatu, baba! Miaka mitatu nasimama hapa bila viatu unanipima, unanitazama usoni, unaniambia bado!"

"Samaki mkunje angali mbichi," akasema, lakini alisema kama mtu anayetafuta fimbo kwenye giza.

"Ungenikunja basi! Hukunikunja. Ulinidanganya. Mwaka jana ulimfukuza fundi mwanafunzi kwa sababu alisogeza alama ya penseli kwenye mguu wa meza. Ulisema nini? Ulisema mtu anayesogeza alama hafai kushika hata fagio la karakana."

Baba akaigusa penseli sikioni.

"Njia ya mwongo ni fupi, baba. Fupi kama mimi."

Twiga alicheka kwa pua. Mama akamtazama.

"Fundi," mama akasema. Akiwa na hasira humwita Fundi, kama mteja. "Mtoto amekuuliza."

Baba akavuta kigoda akakaa. Akiwa amekaa alionekana mdogo, na jambo hilo liliniongezea hasira, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumchukia akiwa mkubwa.

"Mara ya kwanza," akasema, "alikuwa ametoka shule, muhula wake wa kwanza bwenini. Aliingia na sanduku kichwani, jua likiwa nyuma yake. Nikamwambia, 'Karibu, mama.' Nilidhani ni mteja. Nilidhani ni mwanamke amekuja kuulizia kitanda." Akafuta uso kwa kiganja. "Kisha akacheka, nikajua ni mwanangu. Alipoingia kuoga nikachukua patasi."

"Na ya pili?"

"Ya pili sina sababu. Niliogopa tu."

"Na ya tatu?"

Akamtazama Twiga, kisha dirisha la upande wa barabara.

"Ya tatu haikukuhusu wewe."

"Vidole vyangu vinne havinihusu?"

"Yule dereva wa lori," baba akasema. "Aliniuliza, 'Huyu mrefu lini, Fundi?' Hivyo tu. 'Huyu mrefu lini?' Huku anacheka. Nikaja ndani nikamkuta mtoto kasimama hapo, kichwa kimegusa mstari. Na mimi mwenyewe ndiye niliyetangaza katika nyumba hii kwamba urefu ndio umri."

Mama akamsogelea. "Alisema nini, huyo dereva?"

"Ulikuwa kazini."

"Sikuulizi nilikuwa wapi! Na wewe ulimjibu nini?"

Baba akaitazama mikono yake. "Nilimwambia ashushe mbao."

Wasomaji wangu, mimi ni mtu wa mizaha. Nimewahi kuweka chumvi kwenye chaki, na nikahudhuria kikao cha nidhamu kwa uso wa mtakatifu. Lakini hapo sikuwa na mzaha hata mmoja.

"Kwa hiyo ukamwacha yeye," nikasema, "ukaja kugombana na mwimo. Mtu mzima anamwita mtoto wa miaka kumi na minne mrembo, wewe unachukua patasi. Ulipaswa kumsogeza yeye, baba! Siyo mstari!"

"Hakuna mwingine anayeleta mbao upande huu."

"Basi tengeneza viti vya udongo!"

"Jamani, mimi nipo hapa," Twiga akasema. "Na yule bwana ana utani tu."

Hakuna aliyemsikiliza. Hilo ni kosa letu sote, na naliandika kabla ya lile litakalofuata.

Nikamwambia baba neno la mwisho. Nilimwambia seremala anayehamisha mstari hafai kutengeneza hata kibanda cha kuku. Akainuka, akaacha sahani ikifuka moshi, akatoka. Nilijuta? Kidogo. Sana. Msiniulize.

Jumamosi saa mbili asubuhi niliamshwa na mlio wa mtaimbo. Nilipofika jikoni, mwimo haukuwepo. Pale uliposimama tangu nizaliwe palikuwa na matofali matupu na misumari iliyopinda.

"Ameharibu ushahidi," nikamwambia mama.

"Kunywa chai," mama akasema. "Vaa gauni la bluu."

Saa nne kamili, wala si dakika moja zaidi, sauti ikasikika mlango wa mbele.

"Hodi hapa."

Spoki alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Mikono alikuwa ameisugua, lakini kucha zilikuwa bado na grisi. Baiskeli alikuwa ameiegemeza ukutani kwa adabu, kama na yenyewe imekuja kujitambulisha.

Kabla sijamjibu, baba akatokea karakanani na mwimo begani. Akapita katikati yetu, akausimamisha mwimo kwenye ukuta wa barazani, akaubana kwa tofali chini. Mistari yote minne ilikuwa wazi.

"Shikamoo, mzee," Spoki akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye baiskeli?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Umekuja na nini?"

"Nimekuja kuomba ruhusa ya kumtembelea binti yako. Hapahapa barazani, nyinyi mkiwepo. Ukisema hapana nitaondoka, na sitazunguka uani."

Baba akamtazama kwa muda mrefu, kutoka kola mpaka viatu. Nilimjua baba: alikuwa anatafuta ufa. Hakuupata.

Akanigeukia. Mkononi alikuwa na patasi na nyundo, akanipa vyote viwili.

"Mstari wa kwanza ulikuwa wa kweli," akasema. "Hiyo mingine ilikuwa ya woga. Jana ulisema sifai kuchonga. Chonga wewe basi. Mmoja tu. Nao utawahusu wote wawili, wewe na mdogo wako, kwa sababu nyumba moja haiwezi kuwa na sheria mbili. Ukishachonga, naapa mbele ya huyu kijana, sitaugusa."

Mnaona ujanja wake? Nikichonga utosini pangu, Spoki anaingia, na Twiga anaupita mstari kwa vidole vitatu, naye ameruhusiwa. Nikichonga juu ya Twiga, Spoki anageuza baiskeli yake kwa adabu na simwoni tena.

"Baba, urefu si umri!"

"Najua. Nimejua kwa miaka mitatu," akasema, na sauti yake haikuwa ya ujanja. Ilikuwa imechoka. "Nipe kipimo kingine. Nakitafuta. Nimekuwa nikikitafuta peke yangu."

Nikafungua mdomo. Mimi, mwenye jibu la kila kitu, niliyewahi kumjibu mkuu wa shule mbele ya bodi nzima. Hakikutoka kitu.

"Mzee," Spoki akasema polepole, "mimi naweza kusubiri."

"Wewe nyamaza!" nikamwambia. "Miaka mitatu nimesubiri kwa ajili ya wote!"

Nikaweka ncha ya patasi kwenye mbao, usawa wa utosi wangu. Nikainua nyundo.

Hapo ndipo honi ikasikika toka barabarani. Mara tatu fupi, moja ndefu.

Baba akageuka. "Sijaagiza mbao leo," akasema.

Mama akatoka mlangoni, mikono ina unga. Nikamtazama Twiga, aliyetoka nyuma ya mama, na kwa mara ya kwanza katika wiki nzima nikamwona. Hakuwa na vifuniko vya soda mkononi. Nywele alikuwa amezisuka upya. Alikuwa amesimama wima kuliko nilivyowahi kumwona, mgongo umenyooka, kidevu juu, anatazama barabara juu ya vichwa vyetu sote.

Anatabasamu.

"Chonga, dada," akasema bila kunitazama. "Chonga upesi, kabla hajashuka."